Matundu Niliyoyaziba kwa Kidole Gumba

Marahaba. Nawajua nyinyi vijana mnavyonisalimu. Mtu anaanza na shikamoo bibi, anauliza miguu inaendeleaje, na kabla sijamaliza kumweleza habari za miguu ameshatoa simu, ananionyesha picha ya mlango wa gari ulioliwa na kutu. Hiyo picha ndiyo salamu yenyewe. Sikasiriki. Nimekula kwa kunyoosha bodi za magari miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na hata sasa nikikaa barazani gari likipita naangalia kwanza kingo za chini za milango, dereva namwangalia baadaye.

Basi nimeona niandike mara moja, nipumzike kumjibu kila mmoja peke yake. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Mjukuu wangu alitaka kunisahihishia, nikamwambia arekebishe nukta tu, maneno aniachie.

Mmenunua gari la zamani kwa sababu ndilo mliloliweza. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kukimbilia rangi. Mtu ana gari limeoza tumboni, anakwenda kulipiga rangi ya kung'aa mgongoni, halafu mvua ya kwanza anakuja analia. Kitu cha kwanza si rangi wala puti ya kujazia mabonyeo. Ni bisibisi bapa, na kama ipo nyumbani usinunue nyingine. Inua zulia la gari, lala chini, chomachoma kwenye kingo za milango, juu ya magurudumu, na ule ubavu wa chini ya mlango tunaouita kizingiti. Ikigonga, hapo pana chuma. Ikizama, hata kama juu panang'aa, hapo hakuna gari, kuna rangi imesimama peke yake.

Kwa Mzee Sefu, fundi aliyenifundisha, bisibisi hiyo haikushikwa na fundi. Ilishikwa na mwenye gari. Ndiyo ilikuwa sheria ya gereji yake pale Igogo. Gari likija na kutu, Mzee anakupa bisibisi wewe mwenyewe, anakuonyesha mahali, anakwambia choma. Ukitoboa, umetoboa wewe. Alikuwa amechoka na watu wanaosema gari langu lilikuwa zima, mafundi mmelitoboa ili mpate kazi. Nimeona watu wazima wenye suti wamechuchumaa wanachoma magari yao kwa huruma, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mzee anasimama mikono nyuma, anasubiri, halafu anasema polepole, "Choma kama gari la jirani yako."

Nilifika kwake kwa njia ya Makoroboi, mtaa wa mafundi bati. Baba yangu alikuwa fundi bati pale, anakata makopo ya mafuta, anatengeneza vibatari, makarai na mikebe ya kupimia. Chuma cha kulehemu nilikishika kabla sijajua kusonga ugali. Siku hiyo Mzee Sefu alikuja na madigadi iliyopasuka, baba hayupo, nikamlehemia mimi. Wakati ule puti ilikuwa adimu, mahali palipobonyea mafundi walijaza risasi ya kuyeyusha, kwa hiyo mtu anayejua kulehemu alikuwa mali. Mzee alipitisha kiganja juu ya kazi yangu, akafumba macho, akapitisha tena. Kisha akakaa kumsubiri baba. Baba alipofika akamwuliza, "Huyu binti ana mchumba?" Baba akasema bado. "Vizuri," Mzee akasema, "basi nipe aje afanye kazi kabla hajampata." Baba alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Nami nikaenda.

Hicho kiganja alichopitisha ni kipimo, msikidharau. Jicho linadanganywa na mng'ao. Chukua kitambaa chepesi, kiweke juu ya bati, pitisha mkono juu yake polepole huku unaangalia pembeni. Mkono utakwambia palipopanda na palipozama. Mimi hadi leo nikitandika kitanda mkono unatafuta mabonyeo kwenye shuka.

Kazi ya kwanza niliyopewa ya kunyoosha ilikuwa mlango uliobonyea katikati, bonyeo la ukubwa wa sahani. Nikaona kazi rahisi. Nikageuza mlango, nikapiga katikati, pa, pa, pa, kwa nguvu zangu zote za ujana. Bonyeo lilitoka kweli, likaendelea kutoka, likatokea upande wa pili kama tumbo. Mzee Sefu akaja akauangalia. Akasema nimemtengenezea sufuria, niuchukue nikapike. Mlango ule ulitundikwa kwenye ukuta wa mbele, na kila mteja aliyeuliza alielezwa ni wa nani. Ulikaa pale hadi nilipojifungua mtoto wa pili.

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo mnapoharibu. Bonyeo halianzi kunyooshwa katikati. Unaanza pembeni, kwenye mdomo wake, unazunguka unaingia ndani kidogo kidogo. Kwa nje unakinga na kipande cha chuma kizito, kwa ndani unagonga na nyundo nyepesi. Nyingi na nyepesi, siyo chache na nzito. Ukipiga kwa hasira bati linatanuka, na bati lililotanuka linapwaya, ukilibonyeza hapa linaruka pale. Likifika huko linapashwa moto kidoa kidogo hadi liwe jekundu, linapoozwa na kitambaa cha maji, linajikaza. Hiyo kazi mpe fundi, usijaribie uani kwako.

Uani kwako unaweza kufanya haya. Bampa la plastiki likibonyea, chemsha birika la maji, mwagia mahali hapo, vaa glavu, sukuma kutoka nyuma. Linarudi lenyewe kama lilikuwa linasubiri uliombe. Mlango ukibonyea sehemu pana, fungua kava la ndani, ingiza kibofu cha mpira wa miguu katikati ya bati na chuma cha ndani, kijaze upepo taratibu. Nimefungua mabonyeo mengi kwa kibofu cha mpira. Na kama rangi haijapasuka, ukishanyoosha acha hapo hapo. Si kila kovu linahitaji kupakwa.

Kutu ya juu juu, ile nyekundu ya vumbi, ni msasa, kisha dawa ya kutu, kisha praima, ile rangi ya chini, siku hiyo hiyo. Usilale. Hewa ya ziwa hapa kwetu inakula chuma kilichovuliwa nguo kabla hujarudi kutoka msikitini. Wengine wanatumia maji ya betri kuitafuna kutu. Nimeyatumia, sikatai, na nina alama ya kuungua kwenye mkono wa kushoto. Msiyatumie. Kutu iliyotoboa inakatwa hadi ufikie chuma kizima, unachomelea kipande cha bati la unene ule ule. Bati zuri la bei ndogo liko kwenye boneti za magari yaliyokufa, nenda kwa wauza chuma chakavu. Puti ni ya kulainisha tu, isizidi unene wa sarafu. Tundu halijazwi puti. Nimefungua madigadi ya watu nikakuta gazeti limekunjwa ndani, na juu yake puti nene kama mkate. Moja nilikuta gazeti, soksi, na nusu ya ndala. Mwenye gari akaniuliza kama ndala ile ni ya mguu gani, kwa sababu yake ya kulia ilipotea.

Rangi nayo ilikuwa na shida zake za hapa hapa. Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Nilishapiga rangi nyeupe ya gari la harusi, nikarudi nyuma niifurahie, upepo ukageuka kutoka ziwani, na gari likageuka kuwa na vipele. Tangu siku hiyo tulipiga rangi asubuhi na mapema, sakafu imemwagiwa maji vumbi lisiinuke, na mmoja wetu amesimama mlangoni anaangalia ziwa. Siku hizi wenzenu wana vyumba vya kupigia rangi vilivyofungwa, na mashine inayosoma rangi ya gari na kuichanganya. Wananiita nikaone. Ni kazi safi. Hakuna anayeangalia ziwa.

Na mabonyeo mengi tuliyonyoosha zamani yalitoka kivukoni Kigongo. Gari likiingia getini nilijua limevuka kwa pantoni kutoka Busisi kwa kuangalia ubavu tu: mkwaruzo wa kimo cha kiuno, mrefu, wenye rangi ya gari lingine ndani yake. Kila dereva alitaka kuingia, kila mmoja alitaka kuwa wa kwanza kutoka, wanabanana wao kwa wao, lori la ndizi linajirudisha shibiri moja tu na shibiri hiyo inatosha. Walikuja wamekasirika, wanasimulia ugomvi mzima, nani alimwambia nani nini, na mimi nanyoosha nasikiliza. Habari zote za Geita na Sengerema nilizipata kwa njia ya milango iliyobonyea. Sasa kuna daraja. Watu wanavuka kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Ni jambo jema, wagonjwa wanafika. Lakini siku mwanangu aliponipitisha juu yake, niliangalia chini kule pantoni ilikokuwa inatia gati, nikajiona kama mtu anayepita mahali palipokuwa shamba lake akakuta nyumba za wenyewe.

Magari ya samaki yalikuwa na kalenda yake. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na magari ya mwaloni, kule mashua zinakotua, yanakuja gereji yote kwa pamoja, yananuka. Kazi zake lazima ziishe kabla giza halijarudi, siku kumi hivi. Wateja wengine tuliwaandika kwa tarehe. Hawa tuliwahesabia mwezi.

Na hapo ndipo alipoingia Mama Neema, na ndipo lilipoingia kosa langu.

Mama Neema alikuwa Mjita, ametoka Majita amekuja kuchuuza dagaa na sangara kwenye mwalo wa Igombe. Mwanamke mpana, sauti ya kuita mashua. Alianza kwa kubeba beseni kichwani, akaishia kununua pikapu chakavu kwa jasho lake peke yake. Kwa pikapu ile alipata kitu ambacho pale mwaloni ni kikubwa kuliko pikapu yenyewe: wenye mashua tatu walikubali wamwekee mzigo wao yeye kwanza, ili mradi kukicha wamkute yupo, gari lipo, barafu ipo. Asipoonekana, mzigo unapewa mwingine. Na akishapewa mwingine, hurudishiwi.

Alileta pikapu mara ya kwanza sakafu imetoboka kwa maji ya barafu na chumvi. Mzee Sefu alikuwa amelazwa, na kwa mara ya kwanza ameniachia gereji mimi, mwanamke, mbele ya mafundi wanaume waliokuwa wanangoja nikosee. Nikasema nitawaonyesha. Nilikata sakafu, nikachomelea bati la boneti, kazi safi. Nilipomaliza nikaona nisiishie hapo, nikapitia bodi nzima. Chini ya milango na chini ya vizingiti nikakuta matundu madogo, yamejipanga, kila moja kama punje ya maharage, midomo yake imeanza kuwa na kutu.

Sasa nieleweni. Mimi ni mtoto wa Makoroboi. Kwetu tundu ni kosa. Kibatari kikiwa na tundu la sindano kinachoma nyumba ya mtu. Karai lenye tundu linarudishwa na matusi. Tangu utoto nilifundishwa kuinua bati juu kwenye jua, nikiona nuru nizibe. Nikaona yale matundu nikasema kutu imeanza kutoboa, nimeiwahi. Nikaziba moja baada ya jingine, kila moja puti kidogo, nakandamiza na kidole gumba. Nikapaka rangi. Pikapu ikawa kama imemiminwa kwenye kalibu.

Mama Neema aliizunguka mara mbili, akaniambia hata vumbi halitaingia humo. Nilifurahi hadi usingizi ukanipotea. Sikujiuliza maji yakiingia yatatokea wapi.

Ilipita masika mawili. Akarudi siku za mbalamwezi, Mzee Sefu naye ameshapona yuko kwenye kiti chake. Rangi ya vizingiti imevimba kama maandazi. Mlango ukifungwa unasikia maji yanatikisika ndani yake, chwa, kama ndoo. Mzee akampa bisibisi, sheria ni sheria. Mimi ndiye niliyeonyesha mahali. Mama Neema alichuchumaa, akachoma.

Kipande kizima cha kizingiti kilianguka, na maji yakatoka. Maji mekundu kama chai ya rangi, yananuka samaki wa mwaka juzi, yakamlowesha miguu. Yalitoka muda mrefu. Na katikati ya ule uozo pale chini niliona punje ya puti yangu, nzima, ngumu, mistari ya kidole changu gumba imo juu yake. Chuma kimeoza, puti haijaoza.

Mama Neema alikaa chini palepale kwenye tope. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Ni barafu hii. Nimeliua gari mwenyewe."

Mzee Sefu alinitazama. Mimi nikasema, "Tutaangalia, Mama Neema."

Hilo tu. Ukiniuliza kosa langu lilikuwa lipi, nitakwambia siyo puti. Puti niliiweka kwa kutojua. Hilo neno nililisema ninajua.

Akauliza kama itapona kabla ya giza. Nikahesabu, nikamwambia tukikazana itakuwa siku ya mwisho kabisa. Akasema ni lazima, kwa sababu kuna mwanamume mwenye pikapu ya bluu ameanza kukaa na wenye mashua zake, anawanunulia soda, anawauliza kama yule mama bado yupo. Akaondoka akiwa anaongea peke yake, anaitukana barafu, anajitukana mwenyewe.

Nilipokaa kunywa chai, Mzee Sefu alikuja akaweka ile punje ya puti kwenye kisosi changu. Alikuwa ameiokota na kuiosha.

"Nilidhani ni kutu," nikasema.

"Najua. Hata mimi nilishayaziba, zamani, ya gari la mwalimu." Akakisogeza kisosi karibu yangu. "Ukimwambia, atakwenda kusema Igombe nzima. Usipomwambia, mimi sitasema. Lakini nitakuwa najua, na wewe utakuwa unajua kwamba najua, na banda letu ni dogo."

Jina la gereji lilikuwa lake, lakini lililokuwa linakwenda kuchafuka ni langu. Wale wanaume walikuwa bado wananingoja. Nikashika kazi. Nilikata vizingiti vyote viwili, ndani nikachota tope la magamba ya samaki kwa mikono. Nilichomelea mchana kutwa. Nikajiambia nitamlipa kwa kazi nzuri, atapata gari zima kuliko alilolileta, basi yatakuwa yameisha.

Siku ya tatu alikuja kuona tulipofikia. Alikuwa na magunia mapya begani, mzigo mzima. Alinionyesha kwa furaha. Alisema ameshapata dawa: barafu basi. Atalowesha magunia, atafunika samaki, atakwenda mbio hadi sokoni Kirumba. Ameshaghairi barafu kwa muuzaji wake.

Nikaangalia yale magunia. Sangara wa Igombe chini ya gunia la maji, na jua lile, na foleni ya kuingia mjini. Angefika na mzigo mmoja wa kutupa, wa pili wa kutupa, na wenye mashua wasingengoja wa tatu. Nilichodhani ni siri yangu kumbe kilikuwa kimeshatoka nje kinatembea, kinanunua magunia.

Nikazima mashine.

"Mama Neema, barafu haina kosa."

"Unasemaje?"

"Gari lina matundu yake ya kutolea maji, limezaliwa nayo. Niliyaziba mimi, kwa puti. Nilidhani yametobolewa na kutu. Maji yakakosa pa kutokea."

Mafundi waliacha kugonga wote kwa pamoja, gereji ikawa kimya kama Ijumaa saa ya swala.

"Umejua lini?"

"Siku ile ulipochoma."

"Juzi." Akashusha magunia. "Siku tatu najitukana, wewe unaniangalia unakunywa chai."

"Ndiyo."

"Nimemwambia mwanangu mama yake ni mjinga. Nimemwambia hivyo, Zuhura."

Nilimtazama Mzee Sefu kama ataniokoa. Alikuwa anapiga tupa kipande cha chuma, wala hakuinua kichwa.

Mama Neema akaenda kwenye sanduku langu la vifaa, akachagua waya mgumu, akafunga kitenge vizuri, akalala chini chali kwenye mchanga, akajisukuma chini ya gari lake. Kutoka kule chini akasema, "Njoo unionyeshe. Moja moja."

Nikalala pembeni yake. Nikamwonyesha ya mlango wa kulia, ya kushoto, ya vizingiti vipya nilivyovitoboa upya, ya pembe za nyuma. Alipitisha waya katika kila moja, puti ya zamani inamdondokea usoni, anatema, anaendelea. Alihesabu kwa sauti, kwa Kijita, akanihesabisha na mimi. Tulipotoka tulikuwa wekundu wote wawili.

Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Kabla ya masika laleni chini ya magari yenu, mtafute matundu hayo, myazibue kwa waya. Halipi mtu hata senti. Kisha oili chafu ipakwe ndani ya vizingiti na chini ya sakafu, gari likatembezwe kwenye vumbi, sisi tulipeleka njia za Kisesa hadi Bujora, vumbi na oili vinashikana vinakuwa koti. Msimwage oili hiyo ziwani. Na msioshee magari ziwani, maji hayo tunakunywa.

Pikapu ilitoka siku ya mwisho ya mwanga. Nilisikia kwamba alfajiri ya giza la kwanza Mama Neema alikuwepo Igombe na barafu yake, mashua zilipotua zilimkuta. Mwenye pikapu ya bluu naye alikuwepo. Wakatukanana kama kawaida.

Mimi nilibaki nasubiri. Nilijua atasema, na alisema. Haikupita wiki habari ilikuwa imefika Igombe, Kayenze, hadi wachuuzi wa Kirumba wananionyesha kidole: yule mwanamke wa Igogo aliyeziba matundu. Mafundi wetu walicheka kwa zamu. Nikamwambia Mzee Sefu nirudi Makoroboi kwenye makarai, akasema nimalize kwanza mlango nilioushika.

Mwezi ulipokuwa mkubwa tena nilikuwa namalizia mlango mwingine, nikasikia sauti ile ya kuita mashua getini. Alikuwa Mama Neema, na nyuma yake wanawake watatu wa mwaloni, kila mmoja na gari lake chakavu, dagaa wamekaukia kwenye mabati. Hakunisalimu. Alininyooshea kidevu.

"Huyu ndiye aliyeliozesha gari langu," akawaambia. "Mpeni na yenu."

Mmoja wao akacheka, akamwuliza kama ameugua. Mjini mafundi wamejaa, kwa nini waje kwa huyu.

"Wa kwenu mnajua anakosea wapi?" Mama Neema akasema. "Wangu mimi namjua."